Kukwaza na Kuudhi: Somo kwa Mkristo Anayeandika

Kiongozi wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu, na taa iwekwe mahali ambapo hata mzee aliyekaa nyuma ataona ubao. Leo hatusomi herufi, wala hesabu. Tutazungumza juu ya jambo linalomfikia kila mtu akishajua kuandika. Je, Mkristo akiandika juu ya mambo ya dini yake, naye akaandika kweli, afanye nini ikiwa wasomaji watachukia?

Najua madarasani mwetu Wakristo na Waislamu hukaa benchi moja. Mifano yangu karibu yote yatoka katika Ukristo, lakini ninyi Waislamu msiweke kalamu chini. Mbele kidogo mtaona kwamba nanyi mmo.

Kiongozi wa darasa, andika ubaoni maneno mawili: KUKWAZA, na chini yake KUUDHI.

Neno la kwanza latokana na kukwaa. Mtu anatembea usiku, kidole chake kinagonga jiwe au kisiki, twasema amejikwaa. Yule aliyeliweka jiwe lile njiani amemkwaza, na jiwe lenyewe ni kikwazo. Basi kukwaza si kumtia mtu hasira. Ni kumwangusha, au kumfanya apepesuke katika njia njema aliyokuwa akiiendea. Kuudhi ni kitu kingine. Mtu aliyeudhiwa angali amesimama. Ni moyo wake tu uliochafuka. Mtoto anayelia usiku kucha huwaudhi majirani, lakini hakuna jirani aliyekwazwa naye.

Biblia ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1952 hulitumia neno hili la kukwaza mara nyingi. Katika Kiyunani, lugha ya Agano Jipya, moja ya maneno yanayofasiriwa hivyo ni skandalon. Hapo kale neno hilo lilikuwa jina la kile kijiti cha mtego ambacho mnyama akikigusa tu, mtego unafyatuka. Wale kati yenu waliotega ndege au panya shambani wanajua vizuri nasema nini. Ni kitu kidogo, hakionekani sana, na anayekigusa hapati nafasi ya pili.

Siku hizi maneno haya mawili yamechanganywa. Utamsikia mtu mkubwa kanisani, ameulizwa kwa nini hesabu za harambee hazijasomwa, anasimama na kusema, "Ndugu, umenikwaza." Hakukwazwa huyo. Ameudhiwa. Yu mzima, kiti chake anacho, na ufunguo wa kasha la sadaka ungali mfukoni mwake. Lakini kwa kuwa amelichukua neno la Biblia, muulizaji anaona haya na kunyamaza. Mimi naona huu ni wizi wa neno, na ndiyo sababu nimelileta mbele yenu leo.

Twende sasa mahali ambapo swali letu liliulizwa zamani sana. Karibu na mwaka 55 Mtume Paulo alikuwa Efeso, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ng'ambo ya bahari, katika Ugiriki, ulikuwapo mji wa Korintho. Ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, na watu wa kila namna walipita humo. Wakristo wa Korintho walimwandikia Paulo kumwuliza mambo kadhaa, na moja lilihusu nyama. Baadhi ya nyama iliyoliwa mjini ilitoka kwa wanyama waliotolewa sadaka kwa sanamu. Je, Mkristo aweza kuila? Wenye elimu walisema: sanamu si kitu, nyama ni nyama, tule. Wengine, ambao jana tu walikuwa wakiziabudu sanamu zile, waliona kwamba wakila wanarudi kule walikotoka.

Jibu la Paulo limo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8. Anakubali kwamba wenye elimu wana haki. Lakini anawaonya haki yao isigeuke jiwe la kumwangusha ndugu aliye dhaifu. Yeye mwenyewe, asema, yu tayari kutokula nyama tena kabisa kuliko kumwangusha mtu wa namna hiyo.

Wengi huifunga Biblia hapo hapo na kusema: "Mnaona? Mkristo asiandike neno la kumchukiza mtu." Ifungueni tena. Mbele kidogo, sura ya 11, Paulo yule yule anazungumza juu ya chakula cha pamoja cha kanisa. Walio na mali walikuwa wakila mapema chakula chao wenyewe, hata mmoja amelewa na mwingine ana njaa. Paulo hawabembelezi. Anawauliza kama hawana nyumba za kulia, na kama nia yao ni kuwaaibisha wasio na kitu. Kumbukeni kwamba watu wengi wa zama zile hawakujua kusoma. Barua ilisomwa kwa sauti mbele ya mkutano. Mfikirie tajiri yule amekaa mbele, na macho yote yanamgeukia.

Basi ni mwandishi mmoja na barua moja. Kwa ajili ya mnyonge yu tayari kuacha nyama. Kwa mwenye nguvu anayemdharau maskini hapunguzi hata neno. Kwa hiyo, mwandishi anayejiuliza "nani atachukia?" ameanza na swali la pili. La kwanza ni hili: "nani ataanguka?"

Msidhani Paulo aliandika kisha akalala usingizi. Katika waraka wa pili, sura ya 2 na ya 7, anaeleza juu ya barua moja kali aliyowapelekea, akisema aliiandika kwa machozi mengi. Aliwahi kujuta kwamba ameipeleka. Alikwenda mpaka Makedonia bila raha, akingojea habari, hata Tito alipofika na kumwambia kwamba watu wale walihuzunika kweli, lakini huzuni yao iliwageuza. Hapo majuto yakamwisha. Yatosha kumpima mwandishi kwa jambo hili: je, maneno makali yalimwuma yeye kwanza, au aliyafurahia?

Mfano wa pili ni wa mtu aliyeandika maandiko ya namna zote mbili, mema na ya kutisha. Nchini Tanzania jina lake lajulikana sana, maana Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, lachukua jina kutoka kwake. Ni Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo katika mji wa Wittenberg, Ujerumani.

Wakati wake ziliuzwa hati za msamaha. Watu wa kawaida waliambiwa kwamba kwa fedha yao adhabu ya dhambi itapunguzwa, hata ya jamaa waliokwisha kufa. Nusu ya fedha ilikwenda Roma kujenga kanisa la Mtakatifu Petro. Nusu nyingine ilikwenda kulipa deni la Albrecht, askofu mkuu wa Mainz, aliyekuwa amekopa kwa matajiri ili apate cheo. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimpelekea Albrecht mwenyewe barua pamoja na hoja zake 95. Angalieni vizuri: alimpelekea mwenyewe, kwa jina lake, na chini akatia jina lake Luther. Katika hoja zile alisema kwamba ampaye maskini afanya vema kuliko anunuaye hati, na kwamba mtu asiye na ziada aweke fedha yake kwa mahitaji ya nyumba yake. Wakubwa waliudhika sana. Mwanzoni mwa mwaka 1521 alitengwa na kanisa, na Aprili mwaka huo huo akasimamishwa mbele ya mfalme mkuu katika mji wa Worms akitakiwa kuyakana maandiko yake. Alikataa.

Sasa pitisheni miaka 22. Mwaka 1543 Luther ni mtu mwenye jina kubwa, watawala wamemzunguka, na lolote aliandikalo huchapwa. Mwaka huo alitoa kitabu juu ya Wayahudi. Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wachache, wamefukuzwa katika miji mingi, na katika nchi ya Saxony alimoishi Luther walikuwa wamekatazwa kukaa tangu mwaka 1536. Luther aliwashauri watawala wachome masinagogi yao, wabomoe nyumba zao, wawanyang'anye vitabu vyao vya sala na kuwakataza walimu wao kufundisha.

Mkono uliyaandika yote mawili ulikuwa mmoja. Wala ukali wa maneno si tofauti kubwa, maana hata mwaka 1517 alikuwa mkali. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza alisimama chini akatazama juu, na mara ya pili alisimama juu akawatupia mawe walio chini. Na jiwe lile lilikaa njiani muda mrefu. Baada ya miaka 390 hivi, Wanazi walipotawala Ujerumani, kitabu kile kilichapwa tena na kutumiwa. Mwaka 1946, mjini Nuremberg, Julius Streicher, mwenye gazeti la kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi, alilitaja jina la Luther mahakamani katika kujitetea. Mwaka 1994 Kanisa la Kilutheri la Marekani lilitangaza wazi kwamba linayakataa maneno yale. Lakini kalamu haina kifutio cha kufika mbali hivyo.

Mtaniambia hayo ni ya Ulaya, tena ya kale. Haya, vukeni Ziwa Nyasa mwingie Malawi.

Jumapili tarehe 8 Machi 1992, katika makanisa ya Katoliki ya nchi nzima, mapadre walisoma barua ya maaskofu wao. Wakati huo Kamuzu Banda alikuwa ametawala tangu uhuru wa mwaka 1964, na tangu mwaka 1971 aliitwa rais wa maisha. Chama kilikuwa kimoja. Watu waliogopa kusema hata ndani ya nyumba zao. Maaskofu waliandika juu ya madarasa yaliyojaa kupita kiasi, hospitali zisizo na dawa, mishahara isiyotosha, watu wachache kutajirika na wengi kubaki maskini, na juu ya woga uliowazuia watu kusema kweli. Hapakuwa na siri ndani yake. Kila mama aliyekaa kwenye benchi alikuwa ameyaona yote kwa macho yake. Jambo jipya lilikuwa kuyasikia yakisomwa kwa sauti, na katika lugha anayoielewa.

Serikali ilichukia mno. Maaskofu waliitwa na kuhojiwa na polisi, barua ikatangazwa kuwa ya uchochezi, na kuwa nayo kukawa kosa. Kiongozi mmoja wa jimbo, aliyekuwa mgeni nchini, alifukuzwa. Lakini barua iliyokwisha kusomwa kwa sauti haiwezi kukusanywa kutoka masikioni. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya watu 60 katika kila 100 waliopiga kura walichagua vyama vingi.

Kenya nako gharama ilionekana. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea wakati wa kuwateua. Gazeti la Beyond, lililotolewa na Baraza la Makanisa, lilieleza jinsi hesabu zilivyopotoshwa. Lilipigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alihukumiwa kifungo cha miezi tisa, kosa lililotajwa likiwa kutopeleka taarifa za mauzo ya gazeti. Mlolongo wenyewe uliachwa miaka miwili baadaye.

Sasa turudi vijijini kwetu, maana wengi wetu hatutaandika barua ya kutikisa serikali. Mwanafunzi mmoja, seremala, ambaye jina lake na usharika wake sitavitaja, alinipa karatasi aliyotaka kuipeleka kwenye jarida la usharika wao. Mzee mmoja alikuwa amefariki. Wazee wa kanisa walikataa asifanyiwe ibada ya maziko kwa sababu bahasha zake za ahadi hazikuwa na kitu kwa muda mrefu. Mjane alizika mumewe bila mchungaji. Seremala aliniuliza, "Mwalimu, nikiandika haya nitawakwaza watu?" Tulikaa pamoja tukapitia sentensi moja moja, naye ameniruhusu niwasomee ninyi.

Sentensi ya kwanza: "Wazee wetu ni Mafarisayo na wezi." Nikamwuliza, "Mzee wangu, wameiba nini?" Akasema hakuna, ila amekasirika. Tukaifuta. Kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni kashfa, na zaidi ya hayo yawapa wazee mlango wa kutokea: wataacha kujibu habari ya maziko, watajibu habari ya wizi.

Sentensi ya pili ilimtaja mjane kwa jina, na nyumba yake ilipo, na kwamba siku ile hakuwa hata na unga wa kuwapa waliokuja kuomboleza. Yote yalikuwa kweli. Lakini nani ataanguka? Ni mama yule. Kesho atakwenda kisimani na watu watamtazama. Nilimwambia seremala amwendee kwanza, amsomee, na asichapishe neno lolote juu yake asiloliruhusu. Alikwenda. Mama alikubali habari iandikwe, akakataa jina, akakataa kabisa yale ya unga.

Sentensi ya tatu: "Kama Waislamu wangefanya hivi, tusingeshangaa." Hii ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, na mwenyewe hakuiona. Nilimwuliza nani walichimba kaburi. Akanyamaza kidogo, akasema ni majirani, na nusu yao Waislamu. Basi watu walioshika jembe siku ile ndio angewatupia jiwe, ili tu sentensi yake ipate pilipili. Mjue pia kwamba sheria imo katika jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 129, na ya Kenya, kifungu cha 138, zinasema mtu anayetamka neno, na ya Kenya hata anayeliandika, kwa makusudi ya kujeruhi hisia za dini za mwingine aweza kufungwa mwaka mmoja. Lakini nisingependa mfute sentensi kama hiyo kwa kuogopa jela. Ifuteni kwa sababu ya wale waliochimba kaburi.

Sentensi ya nne: "Mzee wetu alizikwa bila ibada, kwa sababu bahasha zake za ahadi hazikuwa na kitu. Alikuwa mgonjwa wa miguu na hakuweza kulima." Hapo seremala akaishika kalamu, akasema, "Hii nayo tuifute. Itawaudhi wazee sana." Nikamwambia: hapana, hii ibaki, na uongeze tarehe. Kisha andika swali lako wazi: je, usharika wetu una sheria inayosema hivyo, na kama ipo, nani aliipitisha, na lini?

Akauliza kama si afadhali kwenda kusema na wazee faraghani, kama ifundishavyo Injili ya Mathayo, sura ya 18. Swali zuri. Nikamjibu aanze hivyo: awapelekee karatasi yenyewe, kama Luther alivyompelekea Albrecht, awape muda wa kujibu. Lakini faragha isigeuzwe kaburi la pili. Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, waeleza kwamba Petro alipojitenga mezani na Wakristo wasio Wayahudi, Paulo alimkemea mbele ya watu wote, kwa kuwa kosa lenyewe lilifanyika mbele ya watu wote. Na mzee yule hakunyimwa ibada kwa siri.

Seremala alikwenda. Wazee wawili walimsikiliza, na mmoja akamwambia, "Umetukwaza." Mwanafunzi wangu akamwuliza kwa adabu, akiwa amevua kofia, "Mzee, nimekukwaza au nimekuudhi?" Nimeambiwa walikaa kimya muda mrefu. Jarida bado halijatoka, nami sijui kama mhariri ataichapa barua ile. Aweza kukataa. Hilo nalo mwandishi hana budi kulijua kabla hajatia saini.

Haya, daftari mezani. Kazi ya juma hili ni hii. Andika barua fupi ya sentensi tano au sita kwa jarida la kanisa, au la msikiti, au la ushirika wa wakulima, juu ya jambo moja ambalo si la haki na ambalo umeliona mwenyewe. Ilaze usiku mmoja. Asubuhi msomee mtu mmoja kwa sauti, na akiwapo mnyonge anayehusika, msomee yeye kwanza. Pembeni mwa kila sentensi andika herufi K ikiwa itamkwaza mtu, na U ikiwa itamuudhi. Zenye K zifute. Zenye U zisome tena, uone kama kila neno ni kweli, kisha utie tarehe na jina lako.

Kiongozi wa darasa akusanye barua Jumamosi. Katika somo lijalo tutajifunza kuandika anwani juu ya bahasha, na mahali pa kubandika stempu.